Figo Hazilalamiki Mapema: Wajibu wa Daktari Aliye Mafunzoni

Lulindi, baina ya Masasi na Newala, ina historia ndefu ya tiba. Daktari Mwingereza Leader Stirling alifika katika hospitali ya misheni ya hapo mwaka 1935; miaka 40 baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Ukoma na vidonda vya enzi zile vilionekana kwa macho. Ugonjwa sugu wa figo hauonekani. Mtu hulima na kuvuna korosho zake huku figo zikipoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, naye asihisi maumivu yoyote.

Utafiti uliofanywa Moshi na kuchapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa asilimia 7 ya watu wazima wana ugonjwa huu. Kati ya waliokutwa nao, takriban mmoja tu katika kila kumi ndiye aliyejua. Tena, karibu nusu yao hawakuwa na shinikizo la damu, kisukari wala VVU. Basi daktari kijana anayesubiri dalili huchelewa, na anayewapima wenye kisukari peke yao huwaacha wengi.

Namba nayo huweza kumdanganya. Kreatinini ya mikromoli 100 kwa lita moja ya damu, kwa mwanamume wa miaka 25, huonyesha uchujaji wa takriban mililita 90 kwa dakika. Kwa bibi wa miaka 70, namba hiyohiyo huonyesha takriban 50, nao ukiwa chini ya 60 kwa muda wa miezi mitatu ni ugonjwa sugu. Kwa sababu hiyo kreatinini haisomwi bila umri na jinsia ya mgonjwa. Mkojo nao upimwe protini, kwani huweza kutangulia kuonyesha madhara kabla uchujaji haujashuka. Homa huweza pia kuleta protini ya muda. Kwa hiyo kipimo hurudiwa kabla ya hukumu kutolewa.

Mgonjwa aulizwe kwa upole anatumia nini kutuliza mgongo baada ya shamba. Diklofenaki na ibuprofeni, zikinywewa mfululizo, huziumiza figo zilizokwisha kudhoofika. Baadhi ya dawa za miti shamba pia. Asiyeogopa kukaripiwa husema kweli.

Gharama ya kuchelewa ni kubwa. Usafishaji wa damu kwa mashine kwa kawaida huhitaji mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Upandikizaji wa figo ulianza nchini Muhimbili mwaka 2017, kisha Dodoma mwaka 2018. Kote huko ni mbali na uwanda wa Makonde. Kudhibiti shinikizo la damu na sukari mapema huweza kuahirisha safari hiyo kwa miaka mingi.

Nawe mgonjwa mwenye presha au kisukari, omba kupimwa mkojo na kreatinini walau mara moja kwa mwaka, na uyahifadhi majibu ili daktari ajaye ayalinganishe.