Tafuta Kwanza Pa Kusemea

Kikao changu cha kwanza na mshauri nasaha nilikifanyia chumbani, nyumbani kwetu Kisauni, Mombasa, feni nimeiweka kasi ya mwisho ili sauti yangu isivuke ukuta. Arobaini ya mama ilikuwa imepita, wageni wamerudi makwao, nami usingizi umenihama. Mshauri yuko Nairobi, namwona kwenye simu. Akaniuliza, "Usiku ukiwa macho, unawaza nini?" Papo hapo nikasikia ndara za shangazi zikisimama mlangoni. Nikajibu, "Niko sawa tu." Kikao kizima nilikilipia kwa jibu hilo.

Tangu hapo, kila anayeniuliza namna ya kuanza ushauri nasaha kwa intaneti namwambia: kabla ya kuuliza programu gani utatumia, tafuta pa kusemea. Mimi niliomba funguo za gari la kaka. Kila Jumamosi jioni hukaa kiti cha nyuma, gari limeegeshwa uani chini ya mwembe, vioo nimepandisha, vipokea sauti masikioni. Joto la Mombasa ndani ya gari lililofungwa si mchezo. Hutoka kanga imelowa jasho. Lakini humo hakuna anayenisikia.

La pili ni kumjua unayemfungulia moyo. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia tangu mwaka 2014, na chini yake ipo bodi inayowasajili. Basi omba nambari ya usajili, kisha uihakikishe. Mtu wa kwanza niliyempigia alikasirika nilipomwomba yake. Nikamshukuru, nikakata simu. Wa pili alinitumia kabla sijamaliza kueleza shida yangu. Muulize pia kama ameshawahi kushughulikia jambo kama lako, na kikao kitakuwa kwa lugha gani. Uchungu wa mama naulia kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza ningeuhadithia tu. Kama uko nje ya nchi, kama binamu yangu aliyeko Muscat, muulize iwapo usajili wake unamruhusu kumhudumia mtu aliye huko, maana kila nchi ina sheria zake. Halafu mpatane ni saa ya wapi mnayofuata: Muscat iko mbele ya Mombasa kwa saa moja.

La tatu ni makubaliano, na yaandikwe. Sisi tulipatana kikao cha dakika 50, malipo kwa M-Pesa kabla ya kuanza, na nikitaka kuahirisha nimwarifu saa 24 kabla. Tulipatana pia kwamba mtandao ukikatika, yeye ndiye atakayepiga, kwa simu ya kawaida. Siku ulipokatika nikiwa katikati ya kilio, sikuhangaika kutafuta nambari. Nilisubiri, simu ikaita. Bando likiwa dogo, zima kamera. Sauti peke yake inatosha kwa kazi hii.

La nne ni siri. Simu yako inatumiwa na watoto? Ujumbe wa mshauri unajitokeza juu ya kioo hata simu ikiwa imefungwa? Rekebisha hayo kwanza. Muulize kama anarekodi vikao, anayaweka wapi maandishi yake, na nani mwingine anayaona. Sheria ya Kenya ya kulinda data, ya mwaka 2019, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, kwa hiyo kuuliza ni haki yako.

Mshauri wangu naye aliniuliza jambo lililonishtua: "Hivi sasa umekaa wapi hasa, na hali ikikuzidia nimpigie nani aliye karibu nawe?" Baadaye nilimwelewa. Kati yetu kuna karibu kilomita 480. Hawezi kuja kunibishia hodi. Nikampa nambari ya kaka. Alinieleza pia kwamba siri yangu ataitunza, ila maisha yangu yakiwa hatarini atatafuta msaada. Nawe ukijiwa na fikra za kujidhuru, usingoje siku ya kikao: mwambie mtu aliye karibu, mwende hospitali saa hiyohiyo.

Kwenye kikao cha tatu, ndani ya gari, lile swali la usiku alilirudia. Safari hii nilijibu: nawaza simu ya mama ambayo sikuipokea siku ya mwisho. Sikuwa nimemwambia binadamu yeyote. Usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri.

Kama unaanza wiki hii, fanya matatu leo: chagua mahali ambapo hakuna atakayekusikia, omba nambari ya usajili, na mkubaliane laini ikikatika nani apige. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haifiki ndani mpaka mtungi ufunuliwe.