Stempu Kuukuu: Kabla Hujashika Mkasi

Wewe unayekwenda mwaloni Kibirizi wajua jambo hili bila kufundishwa. Dagaa walioanikwa juu ya kichanja, wasiguse mchanga, wana bei yao. Dagaa wa ziwa lile lile na wa usiku ule ule, wakianikwa chini na kunyeshewa mvua, wana bei nyingine. Mnunuzi hutia mkono guniani, hutazama rangi, huvunja mmoja asikie kama amekauka, hunusa, kisha hutaja bei. Samaki ni yule yule, lakini hali ni mbili, na fedha nazo ni mbili.

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kingine chenye desturi hiyo hiyo, nacho yamkini kimelala nyumbani mwako: stempu kuukuu na bahasha zake. Katika nyumba nyingi za Buzebazeba, za Ujiji na za Kigoma mjini liko sanduku la bati lililoachwa na wazee. Ndani mna vyeti, picha, na barua za ndugu aliyekwenda kufanya kazi Tabora, Dar es Salaam au ng'ambo ya ziwa. Siku mwenye nyumba akisikia kwamba stempu za zamani zina fedha, huchukua mkasi na maji ya moto, akaanza kuzibandua. Hapo ndipo hasara inapoanza, nayo ni hasara isiyorudishika.

UZEE PEKE YAKE HAULETI BEI

Watu wengi hudhani kwamba kitu kikiwa cha zamani sana, basi ni cha thamani sana. Sivyo. Stempu ya kwanza ya posta duniani, iitwayo Penny Black, ilitolewa Uingereza mwaka 1840. Hakuna stempu ya kubandika iliyoitangulia. Lakini zilipigwa chapa zaidi ya milioni 68, na nyingi zimesalia hata leo, kwa hiyo si adimu kama watu wanavyofikiri. Sasa, ni nini kinachoifanya moja iuzwe kwa fedha ndogo na nyingine kwa fedha nyingi? Ni hali yake.

Stempu zile hazikuwa na meno pembeni kama hizi tulizozizoea. Karani wa posta alizikata kwa mkasi kutoka katika karatasi kubwa. Karani mwenye haraka alikata ndani ya picha yenyewe. Karani mwangalifu aliacha ukingo mweupe pande zote nne. Yule wa pili hakujua kwamba baada ya miaka mia na zaidi uangalifu wake ungezidisha bei ya kijikaratasi kile mara nyingi. Alifanya kazi yake vizuri tu.

Basi shika mambo mawili. La kwanza ni uadimu, yaani viko vingapi vya namna hiyo. La pili ni hali, yaani hicho chako kimefikaje mpaka leo. Uadimu huna uwezo nao. Hali ya kitu kilichomo sandukuni mwako, hiyo iko mikononi mwako.

KADI YA MCHEZAJI WA CANADA

Nchi za wenzetu hukusanya hata kadi za wachezaji. Huko Canada na Marekani upo mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, na picha za wachezaji wake hupigwa chapa juu ya kadi ndogo ambazo watoto walizinunua pamoja na ubani wa kutafuna. Mwaka 1979 kampuni ya O-Pee-Chee ya Canada ilitoa kadi ya kijana aitwaye Wayne Gretzky, ambaye baadaye alisifiwa kuwa bingwa kupita wote wa mchezo ule.

Kadi zile zilikuwa na ukingo wa buluu uliochubuka upesi na kuonyesha weupe. Tena kiwandani zilikatwa vibaya, nyingi zikatoka na kingo zenye nyuzinyuzi, au picha imekwenda upande. Siku hizi wapo watu ambao kazi yao ni kupima kadi kwa alama, kuanzia 1 hadi 10. Hutazama pembe nne, kingo, uso wa kadi, na kama picha imekaa katikati. Kati ya kadi nyingi za Gretzky zilizopimwa, zilizojulikana kupata alama 10 zilikuwa mbili tu. Moja iliuzwa mwaka 2021 kwa dola za Marekani milioni 3.75. Kadi hiyo hiyo, yenye picha hiyo hiyo, ikipata alama 8, iliuzwa kwa bei ndogo mno kuliko ile. Na ukiziweka hizo mbili mezani, mimi na wewe huenda tusione tofauti yake mpaka tuonyeshwe.

YALIYOPITA HAPA KWETU

Usidhani mambo hayo ni ya mbali. Watoza stempu hulitazama pwani letu la Tanganyika kwa macho makali, kwa sababu posta ya hapa ilibadilika bendera mara kadhaa katika miaka michache.

Wajerumani walitumia stempu zilizopigwa chapa thamani ya pesa, kisha zenye picha ya meli ya Kaisari wao, ambazo tangu mwaka 1905 zilihesabiwa kwa heller. Mwaka 1916 Wabelgiji waliichukua Kigoma, wakaitawala mpaka mwaka 1921. Wao walileta stempu za Kongo zilizopigwa juu yake maneno ya Kifaransa na ya Kiholanzi ya kueleza kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Wajerumani iliyo mikononi mwa Ubelgiji. Kisha wakaja Waingereza, na stempu zao za Tanganyika za mwaka 1922 zenye kichwa cha twiga. Baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, tukapata stempu za uhuru wetu wenyewe.

Hapa lipo jambo kubwa ambalo mwenye mkasi halijui. Stempu nyingi katika hizo, zikiwa peke yake, zapatikana bila shida. Ila stempu hiyo ikiwa bado juu ya bahasha yake, na juu yake muhuri wa posta wa Ujiji au wa Kigoma wenye tarehe inayosomeka, hiyo ni habari nyingine. Bahasha nzima yashuhudia barua ilitoka wapi, siku gani, ikapita njia gani, ikamfikia nani. Ukiikata stempu, umeuondoa ushahidi wote na kubaki na picha tu. Ni kama kung'oa ukurasa mmoja wa kitabu cha ubatizo: jina lipo, lakini mwaka, wazazi na mashahidi hawapo tena.

MELI ILIYOTUNZWA NA STEMPU ZILIZOOZA

Mwaka 1916, vita vilipowakatia Wajerumani njia ya bahari, stempu zilipungua. Basi kiwanda cha chapa cha misheni ya Kiinjili kule Wuga, milima ya Usambara, kikapewa kazi ya kupiga stempu za dharura. Kabla hazijaanza kutumika, meli iitwayo Marie ikapenya ikiwa na stempu mpya kutoka Ujerumani, na zile za Wuga hazikuhitajiwa tena. Adui alipokaribia, zikafukiwa ardhini. Zilipofukuliwa mwaka 1921, unyevu ulikuwa umeziharibu nyingi sana. Zilizosalia zimekuwa adimu, na hata hizo, mnunuzi huuliza kwanza unyevu umezigusa kiasi gani.

Sasa linganisha na jirani yetu wa bandarini. Meli ya Graf von Goetzen, tunayoijua kwa jina la Liemba, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916. Lakini mafundi wake walizipaka mashine grisi nzito kabla ya kuizamisha. Ilikaa chini ya maji miaka, ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Chuma kilikaa majini kikapona kwa sababu kilitayarishwa. Karatasi ilikaa nchi kavu ikaoza kwa sababu haikutayarishwa.

Je, hapana kitu kibovu chenye bei kubwa? Kipo. Stempu moja ya British Guiana ya mwaka 1856, ya senti moja, ina pembe zilizokatwa na uso uliochakaa, na bado mwaka 2021 iliuzwa New York kwa dola zaidi ya milioni 8. Sababu ni kwamba inajulikana kuwa moja tu duniani, na mnunuzi hana nyingine ya kuchagua. Usijipime kwa hiyo.

USIITENGENEZE

Huenda utasema, ‘Yangu imechafuka, nitaisafisha.’ Nakusihi usifanye hivyo. Mtu aliyezoea hutambua mara moja stempu iliyosuguliwa, iliyotiwa rangi au iliyopakwa gundi mpya, na akishaona hivyo haamini hata zile zako nyingine zilizo safi. Tena kutengeneza ili kudanganya ni wizi. Huko Marekani dalali mashuhuri wa kadi, Bill Mastro, alikiri mwaka 2013 kwamba alizikata kingo za kadi ya zamani ya mchezaji Honus Wagner ili ionekane nzuri kuliko ilivyokuwa. Kesi yake ya udanganyifu ilimpeleka gerezani.

Ni vivyo hivyo kwa fedha za chuma. Wengi hapa wanazo heller za Kijerumani, labda hata zile za mwaka 1916 zilizopigwa Tabora. Usizisugue kwa majivu na limau. Zitang'aa, nawe utafurahi, lakini mnunuzi ataona mikwaruzo na kupunguza bei. Ule weusi wa miaka ni ngozi yake, mwachie.

LA KUFANYA NYUMBANI

Hapa kando ya ziwa adui ni unyevu, mchwa, mende na jua. Basi fanya hivi. Nawa mikono, uikaushe kabla ya kugusa. Mafuta ya mawese hayatoki katika karatasi. Kila bahasha itie katika karatasi safi kavu, kisha panga zote zikiwa zimelala, katika sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni na kuachana na ukuta. Wakati wa kiangazi zifungue kivulini zipate hewa, wala usizianike juani. Ondoa pini za chuma taratibu, kwa kuwa hushika kutu. Usibandike selotepu, baada ya miaka huwa kahawia na kula karatasi. Wala usizipeleke kwa wapiga fotokopi zikafunikwe kwa laminesheni, maana moto ule haufutiki.

Ukitaka kuuza, usiwe na haraka. Piga picha kwa simu, mbele na nyuma, uulize zaidi ya mtu mmoja. Akija mtu akakuambia anataka stempu tu na bahasha utupe, mjibu kwamba vinakwenda pamoja. Akikuuzia zile za Wabelgiji zilizopigwa jina RUANDA au URUNDI, jihadhari, kwa kuwa za kuigiza ni nyingi. Na barua za ofisi, za shule au za parokia si mali yako kuziuza, hata kama ulizikuta zimetupwa pembeni. Zirudishe.

Huenda sanduku lako halina stempu ya fedha nyingi. Masanduku mengi hayana. Lakini ndani yake mna mwandiko wa babu yako na siku aliyoandika, na hilo halina bei sokoni. Ukitunza barua vizuri kwa ajili ya stempu, umetunza na maneno yake. Ukiikata, umepoteza yote mawili kwa pigo moja la mkasi. Wahenga walisema, kitunze kikutunze. Leo jioni lifungue sanduku, ulitazame, ulifunge vizuri, na mkasi uuweke mahali pengine.