Kwa nini pensheni ya Uingereza haikui mstaafu akirejea Kenya

WAKENYA waliofanya kazi nchini Uingereza kwa miongo kadhaa, huku wakikatwa sehemu ya mishahara yao kwa ajili ya uzeeni, hutamani kurejea nyumbani nguvu zinapoanza kuwaishia. Baadhi yao huwa wamekwisha kujenga, na hesabu wanayoipiga ni nyepesi: pauni chache ambazo haziwezi kumtosheleza mzee jijini London zitamtosha na kusaza akiwa Nyeri, Kisii au Kilifi.

Hesabu hiyo huwa sahihi katika mwaka wa kwanza. Kasoro yake hujitokeza baadaye, kwa kuwa sheria za Uingereza huyagandisha malipo ya uzeeni ya serikali mstaafu anapohamia Kenya. Kiasi anachopokea anapowasili ndicho atakachopokea hata akifikisha umri wa miaka 90, bei za unga, dawa na nauli zipande zisipande.

Malipo hayo hutokana na michango ya Bima ya Taifa ambayo wafanyakazi nchini humo hutozwa. Chini ya mfumo ulioanza kutumika Aprili 6, 2016, kwa kawaida mtu huhitaji angalau miaka 10 ya michango ili apate chochote, na miaka 35 ili apate kiwango kamili. Umri wa kuanza kulipwa ulifika miaka 66 mnamo Oktoba 2020, na sheria imeweka kwamba utapanda hatua kwa hatua hadi miaka 67 kati ya Aprili 2026 na Aprili 2028.

Kila mwezi wa Aprili, serikali ya Uingereza huongeza malipo hayo. Tangu mwaka 2011, kanuni imekuwa kwamba nyongeza ilingane na kupanda kwa bei za bidhaa, ama kukua kwa mishahara, ama asilimia 2.5, kutegemea kipimo kilicho kikubwa zaidi. Mwaka 2022 pekee ndipo kigezo cha mishahara kiliposimamishwa.

Nani hupata nyongeza?

Nyongeza hiyo huwafikia wastaafu wanaoishi Uingereza kwenyewe, katika mataifa ya Umoja wa Ulaya, Uswisi, na katika nchi ambazo zimetia saini mkataba unaoiruhusu. Miongoni mwa nchi hizo ni Marekani, Jamaika, Barbados, Ufilipino, Uturuki, Israeli na Mauritius.

Kenya haimo. Wala hazimo Afrika Kusini, Australia, Canada na New Zealand, ingawa ndizo zenye idadi kubwa ya wastaafu walioathiriwa. Kwa jumla, zaidi ya wastaafu 400,000 kote duniani hupokea malipo yaliyogandishwa.

Matokeo yake ni ya kustaajabisha. Chukua mfano wa wauguzi wawili, mmoja Mjamaika na mwingine Mkenya, waliofanya kazi katika wodi moja, kwa mshahara mmoja na kwa miaka ile ile. Wakistaafu na kila mmoja akarejea kwao, yule wa Kingston atapata nyongeza kila Aprili. Mwenzake wa Kisumu hatapata hata peni moja zaidi.

Takwimu zinaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2016, kiwango kamili cha mfumo mpya kilikuwa pauni 155.65 kwa wiki. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26, kiwango hicho kilikuwa pauni 230.25. Aliyerejea Kenya mwaka 2016 akiwa na haki ya kiwango kamili alibaki na pauni zile zile 155.65. Pengo la pauni 74.60 kwa wiki ni zaidi ya pauni 3,800 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya shilingi 600,000 za Kenya.

Kwa waliotangulia, hali ni mbaya zaidi. Malipo ya msingi chini ya mfumo wa zamani yalikuwa pauni 67.50 kwa wiki mwaka 2000. Katika mwaka wa 2025/26 yalikuwa pauni 176.45. Mzee aliyegandishiwa malipo mwaka 2000 alikuwa akipata chini ya sehemu mbili kwa tano za kiasi hicho, yaani pungufu ya nusu ya haki ya mwenzake aliyebaki Birmingham.

Mahakama zilisema nini?

Suala hili lilifikishwa mahakamani na Annette Carson, mstaafu aliyekuwa akiishi Afrika Kusini. Alishindwa mbele ya Bunge la Mabwanyenye, lililokuwa mahakama ya juu zaidi ya Uingereza wakati huo, mwaka 2005. Kesi ilipofika katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Kibinadamu, majaji 11 dhidi ya 6 waliamua Machi 16, 2010 kwamba hakukuwa na ubaguzi.

Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba michango ya Bima ya Taifa si akiba ya mtu binafsi iliyowekwa benki. Fedha zinazotozwa wafanyakazi wa leo ndizo zinazowalipa wazee wa leo, na mfumo mzima umeundwa kwa kuzingatia gharama ya maisha ya wakazi wa Uingereza. Aliye nje, kwa mujibu wa hoja hiyo, hawezi kujilinganisha na aliye ndani. Serikali zilizofuatana jijini London nazo zimeshikilia kwamba kuwaongezea walio nje kungegharimu fedha nyingi.

Kwa Mkenya, uamuzi huo una maana moja: machoni pa sheria ya Uingereza, kurejea kwao ni sawa na kuhamia ugenini.

Shilingi na afya

Wapo wanaojifariji kwamba pauni hupanda thamani dhidi ya shilingi, na hivyo nyongeza hujileta yenyewe. Mwaka 2024 ulionyesha udhaifu wa tegemeo hilo. Mapema mwaka huo pauni moja ilibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 200. Kufikia Agosti ilikuwa chini ya shilingi 170. Aliyekuwa akipokea pauni 200 kwa wiki aliona shilingi 40,000 zikipungua hadi takriban 33,000, ilhali bei sokoni hazikurudi nyuma kwa kadiri hiyo.

Matibabu ni mzigo wa pili. Haki ya kutibiwa bila malipo katika hospitali za umma za Uingereza hutegemea makazi wala si michango. Anayehama kabisa kwa kawaida huipoteza. Humu nchini, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, huwatoza wasio na ajira rasmi asilimia 2.75 ya mapato ya familia, na mchango hauwezi kuwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Gharama hiyo yafaa iingizwe katika hesabu mapema, kwa kuwa mahitaji ya tiba huongezeka miaka inapokwenda.

Uraia si kikwazo tena kwa Mkenya. Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na aliyeupoteza anaweza kuomba urejeshwe. Kwa Mwingereza anayetaka kumalizia uzee Malindi au Diani, mambo ni tofauti. Kanuni za uhamiaji za 2012 ziliweka kibali cha daraja la K kwa aliyetimiza miaka 35 na mwenye mapato ya uhakika ya dola 24,000 za Marekani kwa mwaka. Pensheni ya serikali pekee, hata ikiwa kamili, haifikii kiwango hicho.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kuhama

Kwanza, pensheni ya serikali isichanganywe na ile ya mwajiri. Pensheni ya wafanyakazi wa huduma ya afya ya umma huongezwa popote mstaafu aishipo. Hili ni muhimu kwa wauguzi, wakiwemo wanaokwenda huko chini ya makubaliano ambayo Kenya na Uingereza zilitia saini Julai 2021. Muuguzi anayejiondoa katika mpango huo ili abaki na mshahara mkubwa zaidi leo huwa anaiacha ile pensheni ambayo haitagandishwa.

Pili, mstaafu anayezuru Uingereza anaweza kulipwa kiwango cha sasa kwa muda atakaokuwa huko, lakini akiondoka hurudishwa kwenye kiwango cha zamani. Anayehamia tena huko kabisa hurejeshewa kiwango cha sasa.

Tatu, walio nje hutumiwa cheti cha kuthibitisha kwamba wangali hai. Cheti hicho husainiwa mbele ya shahidi na kurudishwa katika muda wa wiki 16, la sivyo malipo husitishwa.

Nne, aliyebakisha miaka michache ya michango asidhani ataikamilisha kwa bei nafuu akiwa Kenya. Katika bajeti ya Novemba 2025, serikali ya Uingereza ilitangaza kuwaondolea walio nje nafasi ya kulipa mchango wa hiari wa daraja la pili, uliokuwa wa bei ya chini, kuanzia Aprili 2026.

Wahenga walisema akiba haiozi. Pensheni iliyogandishwa nayo haiozi, ila hupungua nguvu kila mwaka ilhali tarakimu yake ni ile ile. Anayekusudia kurejea aulize pauni zake zitanunua nini baada ya miaka 20, kisha atafute mapema kipato kingine cha kuziba pengo, kiwe kodi ya nyumba, shamba au hisa, angali na nguvu za kukisimamia.