Shinikizo la damu: Adui asiyebisha hodi

WAHENGA walisema kikulacho ki nguoni mwako. Miongoni mwa magonjwa yote ninayotibu mjini Nakuru, hakuna unaoafiki methali hii kama shinikizo la damu, au presha kama wengi tunavyouita. Hauleti homa wala kikohozi. Mtu hula, hulala, huenda kazini na kurudi akiwa nao mwilini, kisha siku moja huanguka ghafla, na jirani wakaanza kuulizana ni nani aliyemroga.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama wa umri wa miaka 54, muuzaji wa mboga sokoni. Alikuwa na kikohozi tu. Nilipompima, presha yake ilikuwa 180 kwa 110. Nilimwandikia tembe, nikamwambia ameze moja kila siku na arudi baada ya mwezi. Alirudi mara mbili, na kipimo kilikuwa kimeshuka vizuri. Baada ya hapo sikumwona kwa miezi minane.

Aliporudi alikuwa amebebwa na wanawe. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimepooza, na maneno hayatoki. Binti yake alinieleza kuwa mamake aliacha dawa kwa sababu alijiona amepona.

Kosa lilikuwa langu pia, msomaji. Nilimweleza jinsi ya kumeza tembe zile, lakini sikumweleza kuwa hazina mwisho. Haya ninayoandika leo ni yale niliyopaswa kumwambia siku ile ya kwanza.

Presha ni nini?

Fikiria pampu inayosukuma maji kupitia mpira. Ukiubana mpira, pampu hulazimika kufanya kazi kwa nguvu zaidi, na kuta za mpira husukumwa kwa kishindo. Moyo ndio pampu na mishipa ya damu ndiyo mpira. Mambo yakiendelea hivyo kwa miaka mingi, moyo huchoka na kutanuka, figo huharibika, macho hupoteza nuru, na mshipa wa ubongo huziba au hupasuka. Huko kuziba au kupasuka ndiko tunakokuita kiharusi.

Kipimo huwa na nambari mbili. Ya juu huonyesha nguvu ya damu moyo unapopiga, na ya chini huonyesha nguvu hiyo moyo unapopumzika. Ikiwa nambari ya juu inafika 140 au zaidi, au ya chini inafika 90 au zaidi, na ikawa hivyo katika siku tofauti, una presha.

Si ugonjwa wa Wazungu

Kuna wazee ambao hadi leo watakuambia kuwa presha ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri. Hawakulitoa wazo hilo hewani. Mnamo 1929, daktari mmoja Mwingereza aliyefanya kazi Kisii, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la Lancet kuwa kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini katika muda wa miaka miwili, hakupata hata mmoja mwenye presha. Alipima pia watu 1,000 wenye afya, akaona kuwa baada ya umri wa miaka 40 presha yao haikupanda kama ya Wazungu bali ilielekea kushuka.

Ni nini basi kilichobadilika? Jibu moja lilipatikana papa hapa Kenya. Katika miaka ya themanini, watafiti waliwafuata watu kutoka vijiji vilivyo kaskazini mwa Ziwa Victoria waliohamia Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1990. Presha ya wale waliohamia mjini ilipanda muda mfupi tu baada ya kuwasili. Mkojo wao ulionyesha kuwa walikuwa wakila chumvi zaidi na kupata kidogo zaidi madini ya potasiamu, ambayo hutoka katika mboga, maharagwe na matunda. Uzito wao pia uliongezeka.

Watu hao walikuwa wa kabila moja na damu moja na wale waliobaki kijijini. Kilichobadilika ni maisha, na maisha hayo ya mjini ndiyo wewe na mimi tunayoishi.

Nakuru yapimwa

Kati ya mwaka wa 2007 na 2008, kundi la watafiti likiongozwa na Dkt Wanjiku Mathenge, daktari wa macho Mkenya, lilizunguka wilaya ya Nakuru ya wakati huo likishirikiana na chuo cha afya na magonjwa ya tropiki cha London. Nia yao hasa ilikuwa kuchunguza macho. Lakini kwa kuwa presha na kisukari huharibu macho, walipima vyote kwa pamoja.

Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba hawakuwangojea wagonjwa hospitalini. Daktari akihesabu wanaofika kwake, huhesabu wale tu waliokwisha kuugua, wenye nauli na wanaojua kuwa ni wagonjwa. Walio na presha wasiijue hawamo katika hesabu hiyo. Kwa hivyo watafiti walichagua maeneo mjini na mashambani kwa njia ya bahati nasibu, wakawapima watu wa umri wa miaka 50 na zaidi. Takriban watu 4,400 walipimwa.

Nusu yao walikuwa na presha. Asilimia 6.6 walikuwa na kisukari, asilimia 13 walikuwa wanene kupita kiasi, na mmoja kati ya watano alikuwa na mafuta mengi katika damu. Hali ilikuwa mbaya zaidi mjini, ingawa wakazi wa mashambani nao hawakusazwa.

Katika mwaka wa 2015 uchunguzi wa kitaifa ulifanywa miongoni mwa watu wazima wa umri wa miaka 18 hadi 69. Karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa walisema hawakuwa wamewahi kupimwa maishani.

Wachukue Wakenya 50 wenye presha uwajaze katika basi moja la kutoka Nakuru kwenda Nairobi. Kwa hesabu za uchunguzi huo, wanane pekee ndio wanaojua kuwa wanaugua. Wawili wanameza dawa. Mmoja tu ndiye ambaye presha yake imeshuka inavyotakikana. Dereva mwenyewe huenda ni miongoni mwa wasiojua.

Tusidhani kuwa ni aibu ya Kenya peke yake. Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya 2023 kuwa watu bilioni 1.3 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha, na kwamba wanne kati ya kila watano hawatibiwi ipasavyo. Wengi wao wanaishi katika nchi kama zetu.

Dawa zipi?

Kwa muda mrefu sisi madaktari wa Afrika tulitibu presha kwa kuazima matokeo ya utafiti wa Ulaya na Marekani. Mnamo 2019 Dkt Dike Ojji wa Nigeria na wenzake walichapisha utafiti uliofanyiwa wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Walilinganisha jozi tatu za dawa. Jozi mbili zilizokuwa na amlodipini, moja ikiwa na dawa ya kuongeza mkojo na nyingine ikiwa na perindoprili, zilishusha presha vizuri kuliko jozi ya tatu isiyokuwa na amlodipini.

Tunajifunza mambo mawili hapa. Kwanza, wagonjwa wengi huhitaji dawa mbili, kwa hivyo usishtuke daktari akikuongezea ya pili. Pili, amlodipini na dawa ya kuongeza mkojo si dawa ngeni. Ni tembe za miaka mingi ambazo hutengenezwa na kampuni nyingi.

Hata hivyo, usizinunue kwa kuwa jirani anazitumia. Perindoprili na dawa za jamii yake zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na hazifai kwa mama mjamzito.

Maswali ninayoulizwa

Je, nikianza dawa nitazimeza maisha yangu yote? Kwa wengi, ndiyo. Dawa hizi hushikilia presha chini lakini haziifukuzi. Kipimo kikiwa kizuri, ni ishara kuwa tembe zinafanya kazi, si kwamba umepona. Wachache wanaopunguza uzito na chumvi huweza kupunguziwa dawa, lakini uamuzi huo uwe wa daktari.

Mbona siumwi na kichwa? Kwa sababu wengi wenye presha hawaumwi na chochote. Ukingoja maumivu, huenda ukakutana na kiharusi kwanza.

Je, ni kweli dawa hizi huondoa nguvu za kiume? Wanaume wengi huacha dawa kwa hofu hii bila kusema lolote. Presha yenyewe huharibu mishipa inayohusika. Kuna dawa chache zinazoweza kuchangia, na zipo nyingine za kuwekwa mahali pake. Mwambie daktari wako. Vivyo hivyo, ukiona miguu inavimba au unapata kikohozi kikavu baada ya kuanza tembe, rudi ubadilishiwe, usiache kimyakimya.

Ufanye nini?

Kila aliyefikisha miaka 18 apimwe, hata kama hana tatizo lolote. Kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kukupima, na tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba wamepewa mifuko yenye mashine hiyo. Kabla ya kupimwa, kaa kitini kwa dakika tano, nenda haja ndogo, na usiwe umevuta sigara au kunywa kahawa katika nusu saa iliyopita. Mkono utulie mezani. Mwombe anayekupima akutajie nambari zote mbili, uziandike.

Chumvi ya siku nzima, kwa mtu mmoja, isizidi kijiko kimoja cha chai. Hesabu pia ile iliyomo katika chipsi, soseji, mkate na viungo vya mchuzi vya pakiti. Na wale wanaotia magadi ili maharagwe au githeri iive upesi wajue kuwa magadi nayo ina sodiamu, ile ile iliyomo katika chumvi. Loweka maharagwe usiku kucha badala yake. Tembea. Punguza pombe, na sigara uiache kabisa.

Mama yule bado yu hai. Huja kwangu kila mwezi akitembea kwa mkongojo, na presha yake sasa ni 130 kwa 80. Hakosi tembe hata siku moja. Lakini mkono wake wa kulia haukurudi, na kibanda chake sokoni kina mwenyewe mwingine.

Ikiwa hujui nambari zako, nenda ukapimwe wiki hii. Na ikiwa kuna tembe ulizoziacha kabatini kwa kuwa ulijiona umepona, rudi kwa daktari wako kabla adui huyu hajakutembelea.