Pikipiki Ikianguka, Je, Fremu Inapona?

Anayenunua pikipiki iliyotumika hakawii kuuliza: "Imewahi kuanguka?" Muuzaji naye hujibu upesi kwamba ililala tu, tena mara moja, ikiwa imesimama. Jibu hilo hata likiwa la kweli halimsaidii sana mnunuzi. Pikipiki nyingi za bodaboda zimeshalala chini mara kadhaa na fremu zake ziko salama. Swali lenye faida ni kama iliwahi kugonga kitu kwa mbele.

Tupige hesabu. Pikipiki ya cc 150 ina uzito wa kilo 120 hivi. Ikidondoka kutoka kwenye stendi, kitovu cha uzito wake hushuka kiasi cha sentimita 30, na nishati inayopatikana hapo ni kama jouli 350. Mpandishe dereva wa kilo 70, aende kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao abiria mwenye haraka angeulalamikia. Sasa chombo na mtu wake wana jouli zaidi ya 11,000. Ni zaidi ya mara 30.

Hata hizo 350 hazifiki zote kwenye fremu. Vinavyotangulia kupiga chini ni vile vilivyochomoza: ncha ya usukani, mkono wa klachi au wa breki, kioo, indiketa, mahali pa kukanyagia. Vinapinda, vinavunjika, na katika kuvunjika kwake vinamaliza nguvu. Ndiyo maana anguko la namna hii huumiza mfuko zaidi kuliko chuma. Chuma cha kinga kinachozunguka injini nacho husaidia pikipiki ikilala ikiwa imesimama. Ikiteleza kwa kasi mambo hubadilika, kwa sababu chuma hicho kimefungwa kwenye fremu yenyewe na kinaweza kuisukuma. Baada ya ajali ya mwendo, tazameni pale kilipofungwa kabla ya kukisifu.

Kugonga kwa mbele ni habari nyingine kabisa. Gurudumu likikutana na ukingo wa barabara, ubavu wa gari au shimo lenye kingo kali, shokapu za mbele hugeuka mtaimbo mrefu unaoisukuma shingo ya fremu, yaani lile bomba fupi linaloshika usukani. Nguvu nyingi huelekea hapo. Chuma laini kinachotumika kwenye fremu za pikipiki ndogo kina uvumilivu: kikilemewa kidogo hunyumbuka na kurudi. Kikivuka mpaka wake hakirudi tena, kinabaki kilivyopinda. Mara nyingi shokapu hutangulia kupinda na fremu ikaponea hapo. Isipopona, alama huonekana karibu na shingo, kwenye bomba linaloshuka mbele ya injini na lile la juu linalopita chini ya tangi: mikunjo midogo unayoihisi kwa kidole, rangi iliyopasuka au kubanduka, mstari mwembamba wa kutu kando ya maungio. Vueni tangi. Fundi anayekagua fremu bila kuvua tangi anakagua nusu yake.

Hapa kuna kosa ambalo limewagharimu watu fedha bure. Pikipiki imelala, dereva anaiinua, anaona gurudumu likitazama mbele huku usukani ukitazama pembeni. Anaambiwa fremu imepinda. Kwa kawaida kilichotokea ni shokapu kujizungusha ndani ya vibano vinavyozishika. Legezeni bolti za vibano hivyo na ekseli ya mbele, nyoosheni usukani, kazeni upya. Kama shokapu zenyewe hazijapinda, kazi imekwisha, na hakuna aliyegusa mashine ya kuchomelea.

Ukitaka uhakika zaidi, uzi unatosha. Kwanza hakikisha gurudumu la nyuma limekaa sawa, alama za kurekebishia mnyororo zikilingana kushoto na kulia. Halafu vuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi mbele ya lile la mbele, pande zote mbili, ukigusa tairi la nyuma sehemu mbili. Tairi la mbele likiwa jembamba zaidi, nafasi kati yake na uzi ziwe sawa kila upande. Zikitofautiana ilhali rimu na shokapu ni nzima, sasa ishuku fremu.

Wenye pikipiki kubwa za mbio zenye fremu za alumini wana sababu ya kuogopa hata anguko la kusimama. Usukani ukipiga chini, gurudumu la mbele hugeuka hadi mwisho na kugonga kizuizi kilichounganika na fremu. Kizuizi kikimeguka, fremu nzima huhesabiwa kuwa mbovu, na kampuni ya bima inaweza kuamua kwamba haifai kutengenezwa.

Kwa bodaboda zetu adui mkubwa zaidi huja polepole. Magunia ya mkaa, abiria watatu na barabara ya matuta huichosha fremu kila siku, hasa sehemu ya nyuma inayobeba kiti na keria, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa hadi ukatike. Kuchomelea ufa hapo hurudisha umbo, lakini joto hubadilisha chuma cha kando ya weldi, na ufa wa pili hupenda kuanzia hapohapo. Kwenye keria naweza kuvumilia. Kwenye shingo, hapana: fremu iliyochomelewa shingoni sipandi.

Kuna sababu nyingine ya kuitazama shingo kwa makini, na hii haihusu uimara. Namba ya chasisi kwa kawaida imegongwa hapo. Ukikuta pamesagwa, pamepakwa rangi mpya peke yake au namba haifanani na iliyo kwenye kadi, rudisha ufunguo, bei iwe nzuri namna gani.