Kamba Moja ya Kukunjia Tanga

Je, wajua kwamba kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu inayolisukuma tanga huongezeka mara nne? Chukua tanga dogo la mita za mraba 10. Upepo wa mita 5 kwa sekunde hulisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 18, mzigo ambao mtu mmoja anaumudu. Upepo ukifika mita 10 kwa sekunde, kilo hizo zinapita 70, na mtumbwi unaanza kulala ubavu.

Mla dagaa wa Nyarero, wilayani Tarime, yuko mbali na hatari hiyo. Tangu Rorya imegwe kutoka Tarime mwaka 2007, fukwe za Shirati na Sota ziko wilaya ya jirani. Lakini kitoweo kinatoka majini, na wapo wavuvi wa Ziwa Victoria wanaotumia tanga hadi leo kwa sababu injini na petroli ni ghali.

Ziwa hili lina tabia yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku mambo hugeuka: pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji, hewa hupanda, na radi huzaliwa. Ndiyo maana dhoruba nyingi huwakuta wavuvi wa dagaa gizani, taa zao zikiwa zimewashwa.

Hapo ndipo udhaifu wa tanga la pembetatu unapoonekana. Tanga hufungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaopandishwa mlingotini kwa kamba ambayo mabaharia wa pwani huiita henza. Kulipunguza ni kazi: sharti foromali lote lishushwe, nalo ni zito, huku kitambaa kikiwapiga watu usoni. Kwenye chombo chembamba chenye watu wawili au watatu, dakika hizo ni nyingi mno.

Dawa yake ni kamba moja zaidi. Ncha yake hufungwa kwenye foromali, kamba inazunguka ukingo wa nyuma wa tanga, inarudi upande wa pili hadi kwenye kapi dogo lililofungwa pale pale juu, kisha inashuka hadi mkononi mwa mtu aliyekaa. Akiivuta huku mwenzake akilegeza demani, kamba inayoongoza pembe ya nyuma, tanga hujikusanya kwenye foromali kama pazia. Hakuna anayesimama. Uingereza, majahazi ya mizigo ya mto Thames yalikunja tanga kuu kwa njia hiyo hiyo. Yalibeba zaidi ya tani 100 na mara nyingi yaliendeshwa na watu wawili tu. Kwa maoni yangu, hakuna fedha itakayotumika vizuri zaidi kwenye mtumbwi wa tanga kuliko ya kamba hii.

Demani nayo isifungwe fundo hata siku moja. Izungushwe mara moja kwenye kigingi laini, ncha ibaki mkononi. Msuguano wa mzunguko huo mmoja hupunguza mvuto mara kadhaa, na bado kamba huachiliwa papo hapo dhoruba ikija.

Kapi la bei nafuu linatosha, mradi kamba isikwame pembeni mwa roda, gurudumu lililo ndani yake. Anayekosa kapi anaweza kutumia pete ya chuma iliyosuguliwa ikawa laini kabisa. Hata mashua za mashindano siku hizi hutumia pete za alumini zisizo na gurudumu, kwa kuwa hakuna kinachozunguka wala kuvunjika. Kwenye kamba ndipo pasipofaa kubana senti. Ya katani huvimba ikilowa na kukwama, ya nailoni hunyumbuka wakati unaitaka ishike. Poliesta ya milimita 8 hadi 10 hupita vizuri, na unene huo haukati kiganja kilicholowa.