Sangara wa dhiraa moja: mvuvi wa ndoano na sufuria za Mnazi Mmoja

Vijana wa mitaa yetu, kuanzia Mnazi Mmoja hadi Gerezani, wamepata burudani mpya katika simu zao. Humtazama mtu mmoja, aghalabu mgeni wa nchi za mbali, ameketi ndani ya chombo chembamba kiitwacho kayaki, miguu ameinyoosha mbele, kafi lenye bapa pande mbili amelilaza mapajani. Ghafla ufito wa kuvulia unapinda, chombo kinaburutwa, na baada ya mvutano mrefu anainuliwa samaki mkubwa wa maji baridi, mla samaki wenziwe, mwenye kinywa cha kumeza kifaranga. Anapimwa, anapigwa picha, kisha anarudishwa majini akaendelee na maisha yake.

Wazazi waketio na vijana hao sebuleni huuliza maswali mawili. Je, kwetu wapo samaki wa namna hiyo? Na je, dini yasemaje juu ya kumtoa kiumbe majini kwa ajili ya mchezo, kisha kumwachia? Tumeona maswali haya yanastahili ukurasa huu, kwa kuwa jibu la swali la kwanza limo ndani ya sufuria zetu wenyewe.

Samaki huyo ni sangara. Wazee wa Mnazi Mmoja hawakukua naye. Wao walilelewa kwa samaki wa bahari: changu, kibua, nguru, kolekole, na jodari pale mfuko uliporuhusu. Biashara ya samaki Kariakoo ilikuwa biashara ya watu wa pwani, na ilikuwa na heshima yake. Marehemu Mzee Mshume Kiyate, mmoja wa wazee wa TANU waliomuunga mkono Mwalimu Nyerere katika miaka ya kudai uhuru, alikuwa mfanyabiashara wa samaki katika soko hilo. Mtaa uliopewa jina lake bado huitwa Tandamti na watu wengi, jambo ambalo sisi hatulifurahii, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine. Leo, katika mitaa ileile, sangara aliyesafirishwa kutoka Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000, huuzwa akiwa minofu iliyogandishwa, vipande vyenye mifupa, au amekaushwa kwa moshi. Mama asiyemudu bei ya nguru humgeukia yeye.

Hata huko Ziwa Viktoria kwenyewe sangara ni mhamiaji. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa utawala wa Kiingereza, akitolewa katika maji mengine ya Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi hakuonekana sana. Ilipofika miaka ya 1980 akaongezeka kwa kishindo, na furu, wale samaki wadogo wa aina mamia ambao hawakupatikana popote duniani isipokuwa ziwani humo, wakatoweka kwa wingi. Mambo mengine pia yalichangia, hasa uchafuzi wa maji, lakini kinywa cha sangara kilikuwa na sehemu kubwa. Akina mama wa ziwani walizoea kuwaanika furu juani. Sangara ana mafuta mengi, hivyo jua pekee halimtoshi, na ikabidi akaushwe kwa moshi wa kuni. Miti ya visiwani ikalipia.

Kisha vikaja viwanda. Tangu miaka ya 1990 minofu ya sangara imekuwa ikipandishwa ndege kwenda Ulaya, na wakaazi wa kandokando ya viwanda wakabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyokwishanyofolewa nyama. Kayabo, ambaye ni sangara wa kutiwa chumvi, alichukuliwa hadi Kongo. Siku hizi limeongezeka bondo, kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki, ambacho Wachina hukinunua kwa bei inayopita mbali bei ya nyama yake. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi baada ya kubainika kuwa wapo waliokuwa wakivua kwa kumwaga sumu majini. Haya tunayataja kwa sababu watu wa Dar es Salaam huwa wepesi kudhani kuwa samaki huanzia kwenye friji la muuzaji.

Tumtazame sasa yule anayemtoa majini. Wavuvi wakubwa wana maboti ya mbao yenye mashine na nyavu. Lakini pembeni yao yupo mvuvi wa ndoano, peke yake au na mwenziwe mmoja, ndani ya mtumbwi mwembamba unaokwenda kwa kafi. Huyu hana tofauti kubwa na yule wa kayaki anayetazamwa kwenye simu, ila chombo chake kizito zaidi, hana ufito wa kisasa, na hana nia ya kumrudisha samaki. Chambo chake ni furu au kambale mdogo, akiwa hai kila inapowezekana, kwa kuwa sangara huvutiwa na kitu kinachochezacheza.

Sangara hana meno ya kukata kamba. Kinywa chake kina vimeno vidogo vingi, kama msasa, na humeza windo lake zimazima. Kwa hiyo kamba haikatwi na meno. Hukatika kwa pupa ya mvuvi. Mvuvi mzoefu haifungi kamba mkononi wala kiunoni, maana samaki akiwa mkubwa kuliko yeye ndiye atakayevuliwa. Humwachia akimbie, huvuta anapolegea, humwachia tena. Jambo la pili ni kuketi chini na kuhakikisha kamba inapita juu ya omo. Kamba ikivutwa kutoka ubavuni, mtumbwi hulala; ikivutwa kutoka mbele, mtumbwi hugeuka na kumfuata samaki, na uzito wake ndio unaomchosha. Wa kayaki nao hufanya hivyohivyo. Sangara aliyenaswa hupanda juu, huruka na kutikisa kichwa ili aiteme ndoano, na hapo ndipo wengi humpoteza. Akichoka hulala ubavu, jicho lake likimetameta kwa rangi ya dhahabu. Kazi ya mwisho, kumpandisha mtumbwini bila kupinduka, ndiyo ngumu kuliko zote. Wameandikwa sangara waliofikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Samaki wa namna hiyo hapandishwi na mtu mmoja, hufungwa ubavuni na kukokotwa hadi mwaloni.

Ziwa lenyewe lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, karibu nusu yake ikiwa upande wa Tanzania, na upepo wake hugeuka bila salamu. Taifa letu halijasahau tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuondoka na mamia ya roho. Ikiwa meli imezama, mtumbwi uko katika hali gani? Hata hivyo wapo wavuvi wanaotoka bila jaketi la kujiokolea, wakisema ajali ni kadari. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza bedui amfunge kwanza ngamia wake ndipo ategemee. Jaketi ndiyo kamba ya ngamia ya mvuvi, na tungependa kuwasikia masheikh wetu wakilisema hilo waziwazi katika misikiti ya ziwani.

Turejee kwenye mchezo. Kayaki haikuzaliwa kwa ajili ya mchezo. Iliundwa na Inuit, watu wa nchi za barafu kaskazini mwa dunia, kwa kiunzi kilichofunikwa ngozi za wanyama wa baharini, ili wawinde chakula. Burudani ilikuja baadaye. Kwetu, watalii huvua sangara kwa ufito katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, na nchini Uganda chini ya Maporomoko ya Murchison katika Mto Nile. Katika mito ya bonde la Kilombero wapo wanaokwenda kutafuta samaki mwingine mkali, mwenye milia na meno kama ya mbwa, ambaye wageni humpa jina la chui milia. Ziwa Tanganyika nalo lina jamaa wanne wa ukoo wa sangara wasiopatikana kwingineko, na mmoja wao ni mgebuka, anayefahamika vyema na kila mwenye ndugu Kigoma. Kijana atakayevutika na safari hizo akumbuke kuwa video nyingi anazotazama zimepigwa katika maji yasiyo na mamba wala kiboko. Maji yetu anayo yote mawili, na kayaki haiinuki juu ya maji hata dhiraa moja.

Ama hukumu, wanazuoni wametenganisha kati ya kuwinda kwa haja na kuwinda kwa upuuzi. Kuvua ili kula, kuuza au kulisha wengine ni halali, na mvuvi kufurahia kazi yake hakuiharibu halali hiyo. Lakini kumwandama kiumbe mwenye roho kwa ajili ya kucheza tu kumechukizwa na wengi wao, na wapo waliokwenda mbali zaidi wakakuharamisha, wakitegemea makatazo ya Mtume ya kufanya chenye roho shabaha ya kulengea. Anayemvua samaki, akamwona ni mchanga, akamrudisha upesi ili akue, huyo hayumo katika lawama hiyo; sisi tunamwona ametenda wema. Mwenye kumning'iniza nje ya maji kwa dakika kadhaa ili picha ipendeze, ana la kujiuliza. Wallahu aalam.

Kuhusu kuliwa kwake, hakuna shaka. Allah Subhanahu wa Taala ametaja katika Sura Faatir, Aya ya 12, maji ya aina mbili, matamu na ya chumvi, na kwamba kutoka katika yote watu hupata nyama laini ya kula. Basi ziwa limo. Samaki hahitaji kuchinjwa. Mitaa ya Mnazi Mmoja na Kitumbini ina waumini wa madhehebu mbalimbali, na mama wa nyumbani anayealika majirani hufaidika kuzijua tofauti ndogo zilizopo. Sisi Shafii tunamla hata samaki aliyekutwa amekufa akielea, maadamu hana madhara kiafya. Majirani zetu Hanafi, wengi wao wenye asili ya Bara Hindi, humwepuka yule aliyejifia mwenyewe na kuelea. Shia Ithnaashari husharutisha samaki awe na magamba na atolewe majini akiwa hai. Sangara aliyevuliwa kwa ndoano hupita milango yote mitatu: ana magamba, na hupandishwa akiwa bado anarusha mkia. Kambale hana magamba, kwa hiyo asiwekwe mbele ya mgeni wa Ithnaashari.

Lakini uhalali wa samaki haufuti namna alivyopatikana. Kanuni zetu za uvuvi zinakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Sababu yake iko wazi: sangara huanza kuzaa akiwa amekwisha kuwa mkubwa, na jike hukawia zaidi kuliko dume, ingawa akishakomaa hutaga mayai kwa mamilioni. Ndoano kubwa yenye chambo kikubwa humchagua mwenye kinywa kikubwa. Kokoro, lile wavu linalokokotwa hadi ufukweni, halichagui. Hukusanya wazazi, wana na mayai. Kila kokoro linapopita, mvuvi wa mtumbwi hulazimika kwenda mbali zaidi na ufuko kumtafuta samaki mkubwa, na umbali huo ndio unaowaacha watoto wake mayatima. Mnunuzi wa Kariakoo anayelipia sangara mchanga kwa kuwa ni rahisi amechangia safari hiyo bila kujua.

Qur'ani imesimulia habari za watu wa mji wa pwani waliojaribiwa kwa samaki, walipokatazwa kuvua siku ya Sabato na samaki wakawa wanajitokeza siku hiyohiyo. Wafasiri wanaeleza kuwa baadhi yao walitega kabla na kukusanya baadaye, wakidai hawakuvua. Hila za wanaoficha sangara wachanga chini ya wakubwa katika tenga hazitofautiani sana na hizo, na wakaguzi hawawezi kufungua kila tenga.

Mama sokoni anaweza kufungua, kwa kuwa kipimo anacho mwilini. Dhiraa ya mtu mzima, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ni kama sentimita 45. Amlaze samaki mzima mezani, aweke mkono kando yake: sangara halali kisheria huizidi dhiraa kwa upana wa vidole vitatu hivi, ukihesabu kutoka mdomo hadi mwisho wa mkia. Mwenye mkono mfupi ajipime mara moja nyumbani kwa rula ya mtoto wa shule, ajue aongeze vidole vingapi. Kwa minofu iliyogandishwa kipimo hiki hakifai, basi aulize vichwa, maana muuzaji wa sangara huwa navyo kwa wapenzi wa supu. Kichwa kikilala chote ndani ya kiganja, samaki huyo hakufika.